Matumaini ya Mwanafunzi Mpya wa Uhandisi: Kutoka Kipalapala hadi Chuo Kikuu

Kila mwaka, baada ya matokeo ya mtihani wa kidato cha sita kutangazwa, baadhi ya wanafunzi waliosoma fizikia, kemia na hisabati hupata habari kwamba wamechaguliwa kusomea uhandisi katika chuo kikuu. Nyumbani habari hiyo hupokelewa kwa furaha. Jamaa hukusanyika, na mara nyingi mzee mmoja huuliza: "Hebu tueleze, mwanangu, huo uhandisi ndio kazi gani hasa?" Mwanafunzi hujibu kwamba atatengeneza mashine, au atajenga madaraja, au atashughulika na umeme. Jibu hilo si kosa, lakini halitoshi; na mwanafunzi anayekwenda chuoni akiwa na jibu hilo tu hupata taabu katika miezi ya kwanza, wakati anapoketi darasani wiki baada ya wiki bila kuiona mashine wala daraja.

Katika makala haya tutamfikiria mwanafunzi wa mfano anayetoka Kipalapala, karibu na mji wa Tabora. Anaweza kuwa mvulana au msichana; kazi yenyewe haibagui. Tuseme wazazi wake ni wakulima wa tumbaku, na ada yake ya shule imetoka katika shamba hilo. Tutajiuliza mambo matatu. Je, mapenzi yake ya uhandisi yametoka wapi? Atakuta nini chuoni? Na matumaini yake yawe yapi, ili yasivunjike mapema?

NJIA YA WAPAGAZI NA NJIA YA RELI

Mtoto aliyekulia karibu na Tabora huishi juu ya mojawapo ya njia kuu za kale za Afrika Mashariki. Katika karne ya 19 misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe, na kutoka hapo ikaelekea Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, au kaskazini kwenye nchi za Ziwa Viktoria. Wapagazi wa Kinyamwezi walijulikana kote kwa ustadi na ustahimilivu wao. Mzigo wa pagazi mmoja ulikuwa kiasi cha kilo 30, yaani karibu frasila mbili. Wasafiri Burton na Speke waliondoka pwani mwezi Juni 1857, wakafika Kaze, mahali ambapo ndipo Tabora, mwezi Novemba mwaka huo huo.

Reli ya kati iliyojengwa wakati wa utawala wa Wajerumani ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Njia ya kwenda Mwanza ilikamilika mwaka 1928, na Tabora ikawa njia panda ya reli. Hebu tufanye hesabu ndogo. Behewa moja la mizigo linalobeba tani 30, yaani kilo 30,000, hubeba mizigo ya wapagazi 1,000. Garimoshi lenye mabehewa 20 ya namna hiyo hubeba mizigo ya wapagazi 20,000.

Mwanafunzi mwenye mapenzi ya mashine atasema kwamba siri yake ni injini. Kwa kweli injini ni nusu tu ya siri. Nusu ya pili imo chini, pale gurudumu la chuma linapogusa reli ya chuma. Gurudumu hilo haliminyiki sana wala reli haibonyei sana. Kwa hiyo nishati kidogo tu hupotea. Ili kuiendesha tani moja ya mzigo polepole juu ya reli nzuri iliyo tambarare, inahitajika kani ya kiasi cha nyutoni 20 tu. Ni kama kani ya kuinua debe dogo lenye lita mbili za maji. Tairi la mpira juu ya lami huhitaji kani kubwa zaidi mara tatu au zaidi, na barabara ya udongo huhitaji kubwa zaidi tena.

Lakini sasa tuiinue reli ile kidogo. Tuseme njia inapanda mita 1 kwa kila mita 50 za mwendo, mwinuko ambao mtembea kwa miguu hata hausumbuki nao. Tani moja ina uzito wa nyutoni 9,800. Tukigawa kwa 50, tunapata nyutoni 196. Kani hii huongezeka juu ya zile nyutoni 20 za mwanzo, na jumla yake ni nyutoni 216. Maana yake ni kwamba mwinuko mdogo kama huo umeufanya mzigo uwe mgumu kuvuta karibu mara kumi na moja. Hii ndiyo sababu mpimaji wa reli huzunguka kilima ambacho njia ya miguu hukipanda moja kwa moja, na ndiyo sababu fedha nyingi hutumika kukata vilima na kujaza mabonde kabla reli moja haijatandikwa.

Hesabu hii inaweza kufanywa na mwanafunzi wa kidato cha nne. Tumeianza nayo kwa sababu inaonyesha jambo ambalo mwanafunzi mpya anapaswa kulielewa mapema: kupenda garimoshi ni mwanzo mwema, lakini uhandisi huanza pale mtu anapouliza, "Kani gani? Kiasi gani? Kwa gharama gani?"

METALI YA HERUFI

Kipalapala yenyewe ina historia yake ya ufundi. Hapo palikuwa na kiwanda cha chapa kilichojulikana kwa jina la Tanganyika Mission Press. Vitabu vingi vya Kiswahili vya karne iliyopita vina maneno "T.M.P. Book Department, Tabora" katika ukurasa wa mwanzo, na huenda mwalimu anayesoma makala haya anavyo viwili vitatu kabatini mwake.

Kabla ya njia za kisasa, uchapaji popote duniani ulitegemea herufi zilizotengenezwa kwa metali. Metali hiyo ilikuwa mchanganyiko wa risasi, antimoni na bati. Kwa nini isiwe risasi peke yake, ambayo ni rahisi na huyeyuka upesi? Risasi tupu ni laini. Herufi ingebonyea baada ya kugandamizwa mara nyingi. Tena risasi husinyaa inapoganda, na herufi iliyosinyaa haina kingo kali, hivyo chapa yake huwa hafifu. Antimoni huongeza ugumu na hupunguza kule kusinyaa. Bati husaidia metali iliyoyeyuka kutiririka vizuri na kujaza kila pembe ya kalibu.

Chuoni mwanafunzi atafundishwa somo la sayansi ya maada. Atachora michoro inayoonyesha jinsi metali mbili zinavyoyeyuka zinapochanganywa kwa viwango mbalimbali. Wengi huliona somo hilo kuwa kavu. Yule anayejua kwamba herufi za kitabu alichosomea shule ya msingi zilitegemea uwiano wa metali tatu, atalisoma kwa moyo mwingine.

URAMBO: MATUMAINI YASIYOPIMWA

Upande wa magharibi wa Tabora, kwenye reli ya Kigoma, uko mji wa Urambo. Hapo pana somo zito kwa kila mhandisi mtarajiwa.

Mwaka 1946 serikali ya Uingereza, ikiwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula baada ya Vita Kuu ya Pili, ilituma wataalamu kuchunguza kama karanga zingeweza kulimwa kwa mashine katika Tanganyika. Uchunguzi wao shambani ulichukua majuma tisa, na sehemu ya kazi hiyo ilifanywa kwa kuitazama nchi kutoka angani. Mpango uliotokana na uchunguzi huo ulikuwa wa kulima zaidi ya ekari milioni 3 katika maeneo kadhaa, yakiwamo Kongwa, Nachingwea na Urambo. Kazi ilianza mwaka 1947. Matrekta yaliletwa, mengine yakiwa yametumika vitani, na hata vifaru viligeuzwa kuwa matrekta.

Mashine zilikuwa na nguvu, lakini nchi haikuwa imepimwa vya kutosha. Kumbukumbu za mvua zilikuwa chache mno. Udongo wa Kongwa, wenye mfinyanzi, ulikauka ukawa mgumu kama tofali, na chembe zake za mchanga zilikwangua vyuma vya majembe upesi kuliko ilivyotazamiwa. Mizizi ya miti ilivunja zana. Vipuri na karakana havikutosha. Mwezi Januari 1951 mpango huo uliachwa rasmi, na hasara yake ilikadiriwa kuwa karibu pauni milioni 36 za wakati ule. Urambo baadaye ikaja kujulikana kwa tumbaku.

Hatusimulii habari hii ili kuwacheka waliotangulia. Walikuwamo watu wenye elimu na wenye nia njema. Kosa lao lilikuwa kutanguliza tumaini kabla ya kipimo. Sampuli za udongo zilizochimbuliwa kwa utaratibu, mvua iliyopimwa kwa miaka ya kutosha, na shamba dogo la majaribio lililolimwa misimu michache, vyote hivyo vingegharimu sehemu ndogo sana ya hasara iliyopatikana.

ATAKACHOKIKUTA CHUONI

Zamani kidogo mwanafunzi wetu asingeweza kusomea shahada ya uhandisi nchini mwake. Katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilichodumu tangu 1963 hadi 1970, masomo yaligawanywa baina ya nchi tatu: uhandisi ulifundishwa Nairobi, sheria zilianzia Dar es Salaam, na utabibu ulikuwa Makerere. Baada ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kujitegemea mwaka 1970, Kitivo cha Uhandisi kilianzishwa hapo mwaka 1973, kwa msaada wa Ujerumani ya Magharibi, kikiwa na uhandisi ujenzi, uhandisi mitambo na uhandisi umeme. Kundi la kwanza lilihitimu mwaka 1977. Leo mwanafunzi anaweza kuchagua miongoni mwa vyuo kadhaa nchini, vikiwamo Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya na Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam.

Atakapofika, huenda mwaka wa kwanza ukamshangaza. Atakuta kalkulasi, mekanika, michoro ya kihandisi, misingi ya umeme, na uandishi wa programu za kompyuta. Katika karakana atasimama mbele ya jiliwa akipewa kipande cha chuma na tupa, aambiwe akisawazishe mpaka pembe zake ziwe sawasawa. Baada ya saa mbili mikono itamuuma na chuma bado hakijanyooka. Hapo ndipo wengine hukata tamaa. Alikuwa wa kwanza shuleni kwake; sasa amezungukwa na mamia ambao nao walikuwa wa kwanza shuleni kwao. Anapata alama ambazo hajawahi kuzipata maishani, na anakumbuka shamba lililouzwa tumbaku yake ili yeye aketi hapo. Anaanza kujiuliza kama alichagua vibaya.

Ndugu mwanafunzi, mashaka hayo ni ya kawaida, na hayathibitishi kwamba huna kipaji. Kila moja katika masomo hayo ni chombo cha kupimia. Kalkulasi hupima mambo yanayobadilika, kama maji yanayopungua tangini au joto linalopanda katika tanuri. Mekanika hupima kani. Mchoro ni lugha ambayo fundi wa Tabora na mhandisi wa Dar es Salaam huelewana kwayo bila kuonana. Nayo tupa humfundisha mwanafunzi kwamba kuandika "milimita 50 kamili" katika karatasi ni rahisi, lakini kuipata milimita 50 katika chuma ni kazi ya mtu mwingine, ambaye jasho lake lapaswa kuheshimiwa.

Tangu mwanzo, kozi ya uhandisi ya Dar es Salaam imekuwa na mafunzo ya vitendo viwandani na katika miradi wakati masomo ya darasani yanaposimama. Mwanafunzi asiyachukue kuwa likizo. Inafaa kukumbuka pia kwamba kwa miaka kadhaa baada ya Azimio la Musoma la Novemba 1974, ilitakiwa kijana afanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu. Utaratibu huo haupo tena, lakini hekima yake mwanafunzi anaweza kuitumia kwa hiari yake: miezi kati ya mtihani wa kidato cha sita na kufunguliwa kwa chuo inaweza kutumika katika gereji, kwa fundi seremala, kwa fundi umeme, au katika karakana yoyote iliyo karibu.

TUMAINI LENYE KIPIMO

Je, mwanafunzi wa Kipalapala atumaini nini? Tunapendekeza achague tatizo moja la kwao na kulichukua chuoni kama mwenzake wa safari. Tutatoa mifano miwili.

Mfano wa kwanza ni maji. Kwa miaka mingi mji wa Tabora ulitegemea mabwawa kama Igombe na Kazima. Mwaka 2009 ulizinduliwa mradi wa kupeleka maji ya Ziwa Viktoria Shinyanga na Kahama. Maji huchukuliwa Ihelele, husafishwa, husukumwa hadi kwenye matangi ya kilima cha Mabale, kisha huteremka kwa uzito wake yenyewe. Baadaye bomba liliendelezwa hadi Nzega, Igunga na Tabora, na sehemu hiyo ilizinduliwa mwaka 2021.

Ziwa liko kiasi cha mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Tabora iko kwenye mita 1,200 hivi. Kuipandisha meta moja ya ujazo ya maji, yaani kilo 1,000, kwa mita 66 huhitaji nishati isiyopungua jouli 647,000 hivi, sawa na kilowati-saa 0.18. Kiasi hicho si kikubwa. Ugumu uko katika msuguano ndani ya bomba lenye urefu wa mamia ya kilomita. Kwa kiasi kile kile cha maji, ukizidisha kipenyo cha bomba mara mbili, hasara ya msuguano hupungua karibu mara 32. Basi kwa nini tusiweke bomba kubwa kabisa? Kwa sababu bomba kubwa ni ghali. Bomba dogo ni rahisi kununua, lakini litadai umeme mwingi wa pampu kila siku kwa miaka 30. Mahali fulani katikati pana kipenyo kinachofaa, na kukitafuta ndiyo kazi ya mhandisi.

Mfano wa pili uko karibu zaidi, katika bani la tumbaku la wazazi wake. Tumbaku ya mvuke hukaushwa kwa kuni, na kuni hizo hutoka katika misitu ya miombo ya Unyamwezi. Tuchukue kilo 100 za kuni mbichi ambazo nusu ya uzito wake ni maji. Kilo 50 za mti mkavu zilizomo zinaweza kutoa joto la megajouli 900 hivi. Lakini kabla ya hapo, kilo 50 za maji hazina budi kupashwa na kugeuzwa mvuke, na kazi hiyo hula megajouli 129 hivi. Karibu sehemu moja ya saba ya joto imepotea kwa sababu tu kuni hazikuachwa zikauke. Hapo hatujahesabu joto linalopita katika nyufa za ukuta na linalotoka na moshi. Mwanafunzi atakayerudi likizoni na kipimajoto, mizani na daftari, akapima bani la wazazi wake msimu mmoja, atakuwa ameanza kazi ya uhandisi hata kabla ya kupata shahada. Na kila mzigo wa kuni atakaouokoa ni miti iliyobaki imesimama, na saa ambazo mtu wa nyumbani kwake hakuzipoteza porini.

Kazi kubwa pia zipo. Mikataba ya kujenga vipande vya reli mpya, yenye upana wa milimita 1,435 badala ya 1,000 ya reli ya zamani, kufika Tabora na kuendelea hadi Isaka na Kigoma, ilitiwa saini kati ya Desemba 2021 na Desemba 2022. Reli hiyo huhitaji wahandisi wa udongo, wa madaraja, wa umeme na wa mawasiliano, na itahitaji kutunzwa kwa miaka mingi baada ya wajenzi kuondoka. Lakini mwanafunzi ajue kwamba shahada haimpi mara moja haki ya kuidhinisha daraja. Kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1997, Bodi ya Usajili wa Wahandisi humwandikisha kwanza kuwa mhandisi mhitimu; ni baada ya kufanya kazi chini ya usimamizi, kwa miaka isiyopungua mitatu, ndipo anapoweza kuomba kuwa mhandisi mtaalamu. Safari ni ndefu, kwa hiyo tumaini lake liwe la kumfikisha mbali, lisiishe siku ya mahafali.

KWA WALIMU

Mwalimu wa fizikia au hisabati anaweza kumsaidia mwanafunzi wa namna hii hata pale ambapo maabara haina vifaa. Jaribio lifuatalo linahitaji ubao wa mita 1, rula na kigari kidogo cha magurudumu.

Laza ubao mezani, weka kigari juu yake. Inua upande mmoja wa ubao kidogo kidogo kwa kuweka karatasi au vitabu vyembamba chini yake. Kila mara kisukume kigari taratibu. Tafuta kimo ambacho kigari, kikishasukumwa, kinaendelea kuteremka kwa mwendo ule ule bila kusimama. Pima kimo hicho, kisha kigawe kwa urefu wa ubao. Jibu ni uwiano kati ya kani inayokizuia kigari na uzito wake. Kwa behewa la reli uwiano huo ni kiasi cha 0.002, yaani kwa ubao wa mita 1 ingetosha kuinua upande mmoja milimita 2 tu.

Maswali ya kujadili darasani:

1. Kwa nini behewa lisiachwe bila breki hata kwenye njia ambayo jicho huiona kuwa tambarare?

2. Msafara wa wapagazi 600, kila mmoja akibeba kilo 30, ungehitaji mabehewa mangapi ya tani 30 kubeba mizigo yake? Behewa la mwisho lingejaa?

3. Ikiwa hasara ya msuguano katika bomba hupungua mara 32 kipenyo kinapozidishwa mara mbili, hupungua takriban mara ngapi kinapozidishwa mara tatu?

4. Taja tatizo moja la kijiji au mtaa wako. Ni vipimo gani vitatu ungevichukua kwanza kabla ya kupendekeza mashine yoyote?

Swali la nne halina jibu moja. Mwanafunzi anayekwenda kusomea uhandisi na aliandike katika ukurasa wa kwanza wa daftari lake jipya, na kila mwaka atakaporudi nyumbani alijibu upya.